Root anapovuliwa cheo: ruhusa za NFS na nafasi moja iliyofungua seva nzima

Swali: Shikamoo kaka. Nasimamia seva ndogo ya Ubuntu hapa chuoni kwetu, inagawa saraka ya /srv/data kwa NFS, njia ya kugawa mafaili kwa kompyuta nyingine kupitia mtandao. Kuna kompyuta ya pili, 192.168.10.21, ambayo kila usiku inatakiwa kuweka nakala ya /home yake kwenye saraka hiyo kwa sudo rsync -a, yaani programu ya kunakili mafaili ikiendeshwa na root, msimamizi mwenye mamlaka yote. Mwanzoni rsync ilikuwa inalalamika "chown failed: Operation not permitted", yaani ilikataliwa kubadilisha wamiliki, na mafaili yote yakaishia kuwa ya nobody. Rafiki akanishauri niweke no_root_squash, sharti la kumwacha root abaki na mamlaka yake, nami nikaandika hivi kwenye /etc/exports, faili la orodha ya saraka zinazogawiwa:

/srv/data 192.168.10.21 (rw,sync,no_subtree_check,no_root_squash)

Sasa kompyuta ile inaniambia "Read-only file system", haiandiki kabisa. Cha ajabu, laptop yangu ambayo sijaitaja popote inaandika vizuri, na hata wamiliki wa mafaili inabadilisha. Kunani hapo? Na je, no_root_squash ni hatari kama watu wanavyosema?

Jibu: Marahaba. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kwenye seva, futa ile nafasi iliyo kati ya 192.168.10.21 na mabano, ondoa na hilo neno no_root_squash kwa muda, kisha andika sudo exportfs -ra. Ukimaliza rudi tuzungumze, kwa sababu hivi sasa seva yako iko wazi kwa kila anayeweza kuifikia.

Kwenye /etc/exports nafasi ndiyo inayotenganisha kompyuta moja na nyingine. Mabano yakigusana na anwani, masharti yaliyomo ndani ni ya anwani hiyo. Yakiachwa yamesimama peke yake, NFS inayachukua kuwa masharti ya ulimwengu mzima. Mstari wako basi umetoa amri mbili. Ya kwanza: 192.168.10.21 ipewe masharti ya kawaida, ambayo ni kusoma tu, na root wake avuliwe cheo, yaani achukuliwe kama mtu asiye na mamlaka. Ya pili: mwingine yeyote aruhusiwe kusoma, kuandika, na kubaki na uroot wake wote. Kompyuta inayoangukia kwenye amri zote mbili huhukumiwa kwa ile inayoitaja waziwazi, ndiyo maana mashine uliyotaka kuisaidia ndiyo pekee iliyobanwa, na laptop yako ikapita kama mwenye nyumba.

Hili lingeonekana mapema kwa amri moja, sudo exportfs -v. Yenyewe haikuonyeshi ulichokusudia, inakuonyesha seva ilichokielewa. Ukiona neno <world> mbele ya saraka yako na hukuliandika, simama hapohapo. Mimi huiendesha kila nikigusa faili lile, hata nikiwa nimebadilisha herufi moja.

Sasa tuje kwenye uroot wenyewe. Watu wengi hudhani seva ya NFS inawajua watumiaji, kwamba Asha akiingia kwenye kompyuta yake na kufungua faili, seva inajua kwamba huyu ni Asha. Haijui. Katika njia ya kawaida, ile inayoandikwa sec=sys, kila ombi linalotoka kwenye kompyuta mteja hubeba maelezo mafupi: jina la mashine, namba ya mtumiaji, namba ya kikundi chake kikuu, na orodha ya vikundi vingine isiyozidi 16. Basi. Hakuna nenosiri wala sahihi, na hakuna kitu chochote cha kuthibitisha kwamba namba ile ni ya kweli. Seva inasoma "mimi ni 1001" na kulitendea ombi hilo kama limetoka kwa 1001. Ni lile daftari la wageni getini: mlinzi anakupa kalamu, unaandika jina unalolitaka, anafungua geti.

Usiwalaumu sana waliolibuni. NFS ilitoka Sun Microsystems katikati ya miaka ya 1980, na toleo la pili liliandikwa rasmi mwaka 1989 katika RFC 1094. Wakati huo kompyuta za kazi zilikuwa mashine ghali ofisini, mwenye nenosiri la root alikuwa msimamizi aliyeajiriwa, na mwanafunzi hakuwa na njia ya kuja na kompyuta yake mfukoni. Kuiamini mashine ilikuwa sawa na kumwamini msimamizi wake. Hata kile kipengele cha kukataa maombi yanayotoka kwenye bandari za 1024 na kuendelea, ambacho bado kimo katika masharti ya kawaida ya Linux kwa jina secure, kimejengwa juu ya dhana hiyohiyo: bandari ndogo hufunguliwa na root tu, na root ni mtu wetu. Leo kila mwenye laptop ni root wa laptop yake.

Hata hivyo, jambo moja liliwatia wasiwasi tangu zamani. Root ni namba 0 kila mahali. Namba 1001 inaweza kuwa Asha kwenye mashine moja na Juma kwenye nyingine, lakini 0 ni mwenye mamlaka yote popote uendapo. Seva ikiiamini 0 inayoletwa na mtandao, kila aliye root wa mashine yoyote anakuwa root juu ya mafaili ya seva. Hapo ndipo root_squash inapoingia. Ombi likija na namba 0, seva inaibadilisha kuwa namba ya mtu asiye na chochote, kwa kawaida 65534, ambaye Ubuntu humwita nobody. Kikundi 0 nacho kinageuzwa hivyohivyo. Kwenye Linux huna haja ya kuliandika neno hilo, kwani ndilo linalotumika usipoandika kitu.

Kwa hiyo lile kosa la mwanzo la rsync halikuwa hitilafu. Seva ilikuwa inafanya kazi yake. Rsync ilikuwa inaendeshwa na root, ikaandika faili, seva ikaliandikisha kwa 65534. Kisha rsync ikaomba mmiliki abadilishwe kuwa 1001. Kwenye Linux kubadilisha mmiliki wa faili ni haki ya root peke yake, na aliyekuwa anaomba kwa wakati huo, machoni pa seva, ni nobody. Jaribu mwenyewe kwa mkono kwenye kompyuta mteja, ambako /srv/data imeunganishwa kwenye /mnt/data, root_squash ikiwa inafanya kazi na saraka ikiwa inaandikika na wote:

sudo touch /mnt/data/jaribio
ls -ln /mnt/data/jaribio
sudo chown 1001 /mnt/data/jaribio

Mstari wa pili utakuonyesha 65534 mara mbili, wa mmiliki na wa kikundi. Wa tatu utakataliwa. Ukienda kwenye saraka ya mtu yenye ruhusa 700, yaani mwenyewe tu ndiye anayeingia, sudo ls nayo itakataliwa, jambo linalowashangaza sana watu waliozoea kwamba sudo haishindwi na kitu.

Na sasa jambo ambalo wengi wanaotetea root_squash hawalisemi. Ukiwa root wa kompyuta ileile, andika hivi:

sudo setpriv --reuid=1001 --regid=1001 --clear-groups cat /mnt/data/asha/barua.txt

Faili linafunguka, hata kama Asha ameliwekea 600, yaani alisome yeye tu. Hukuvunja chochote. Root wa kompyuta mteja ana uwezo wa kuwa namba yoyote anayoitaka, hata namba isiyo na jina kwenye mashine yake, na seva haina la kufanya ila kuamini. Root_squash inamkatalia kutaja namba moja tu, 0. Zilizobaki zote ni zake.

Elewa basi inachokilinda. Inalinda mafaili ya root yaliyo kwenye saraka iliyogawiwa, na inazuia mtu wa nje asitengeneze mafaili yanayomilikiwa na root ndani ya seva yako. Mafaili ya watumiaji wa kawaida haiyalindi dhidi ya aliye root kwenye mashine iliyoruhusiwa kuunganika. Akaunti nyingine nyeti za mfumo, kama bin au kikundi cha staff, nazo haziguswi. Kwenye orodha yako ya exports, swali la kujiuliza kwa kila anwani ni nani anaweza kuwa root kwenye mashine ile. Jibu likiwa "mwanafunzi yeyote mwenye flashi ya kuwashia Linux", chukulia kwamba mafaili yote ya watumiaji yanasomeka na mwanafunzi yeyote, uwe umevua cheo au hukuvua.

Ukishaelewa hivyo unaweza kuuliza: kama ulinzi wenyewe ni nusu, kuuondoa kuna ubaya gani? Ubaya upo, na ni mkubwa, kwa sababu no_root_squash inaligeuza tatizo la mafaili kuwa tatizo la seva nzima. Chukua laptop yako ilivyo leo asubuhi. Mtu aliye root juu yake anakopi /bin/bash kwenye /mnt/data, faili linakuwa la root kwa sababu 0 imepita kama 0, kisha analiwekea chmod 4755, ruhusa inayofanya programu iendeshwe kwa mamlaka ya mmiliki wake. Kuanzia hapo, mtumiaji yeyote wa kawaida mwenye akaunti kwenye seva akiliendesha kutoka /srv/data kwa kuongeza -p, amekuwa root wa seva. Vivyo hivyo kwenye kila kompyuta nyingine iliyounganisha saraka ile bila nosuid (sharti la kuipuuza ruhusa hiyo) na inayoweza kuendesha programu hiyo. Kuna njia nyingine isiyotajwa sana: kutengeneza kwa mknod faili la kifaa linaloelekeza kwenye diski, kulipa ruhusa ya wote, kisha kulifungua upande wa seva na kuisoma diski yote moja kwa moja.

Na kama /srv/data iko kwenye kizigeu kimoja cha diski na /etc, kuna ufa mwingine. NFS haitambui faili kwa njia yake, inalitambua kwa kitambulisho ambacho mteja anakitunza na kukirudisha. Ukigawa saraka ndogo ya mfumo mkubwa wa mafaili, na ukiwa na no_subtree_check kama wengi wetu, mtu mwerevu anaweza kubahatisha kitambulisho cha faili lililo nje ya saraka hiyo. Akiwa amevuliwa cheo, atakutana na ruhusa za kawaida za faili hilo. Akiwa root kamili, hata /etc/shadow, faili la nenosiri, inasomeka. Dawa ya kweli ni kuipa saraka ya kugawiwa kizigeu chake yenyewe, na kukiunganisha kwenye seva kwa nosuid,nodev, hiyo ya pili ikiwa ya kupuuza mafaili ya vifaa. Hilo lifanye hata kama hutatumia no_root_squash maisha yako yote.

Turudi kwenye nakala zako za usiku. Kwa maoni yangu, kazi yako haihitaji no_root_squash hata kidogo. Unachotaka ni kwamba siku diski ikifa, mafaili yarudi na wamiliki wao. Si lazima wamiliki hao waandikwe juu ya NFS. Njia ninayoipenda zaidi ni kuiacha NFS nje kabisa: seva yenyewe ivute nakala kutoka 192.168.10.21 kwa rsync kupitia ssh, ikiandika kwenye diski yake kama root wa hapohapo. Chown inafanyika ndani ya seva, hakuna wa kumvua mtu cheo. Tena ni salama zaidi kwa namna nyingine: kompyuta ile ikivamiwa, mvamizi hana njia ya kuzifikia nakala na kuzifuta, kwa sababu aliyeshika ufunguo ni seva. Ufunguo huo uufunge uweze kusoma tu, kwa kutumia rrsync -ro kwenye authorized_keys, faili la funguo zilizoruhusiwa, la 192.168.10.21.

Kama kuna sababu ya kubaki na NFS, basi weka nakala ndani ya faili moja la tar. Tar inaandika wamiliki, ruhusa na tarehe ndani ya faili lenyewe, kwa hiyo haijali nani anaonekana kuwa mmiliki wa faili hilo kwenye seva. Tengeneza akaunti maalumu kwenye seva, tuseme namba 1500, na saraka yake, kisha andika:

/srv/akiba 192.168.10.21(rw,sync,no_subtree_check,all_squash,anonuid=1500,anongid=1500)

Hakuna nafasi kabla ya mabano, umeona. All_squash inamgeuza kila mtu, awe root au Asha, kuwa 1500. Kompyuta mteja inabaki na amri moja ya usiku:

sudo tar --acls --xattrs -czf /mnt/akiba/home-$(date +%F).tar.gz /home

Root anasoma /home yote kwa sababu hapo yuko kwake, na anachokiandika kwenye seva kinakuwa cha 1500. Hakuna chown inayoombwa, hakuna kosa.

Zipo kazi ambazo kweli zinahitaji root abaki root. Kompyuta zisizo na diski, ambazo mfumo wake mzima unakaa kwenye seva, haziwezi kuishi na root aliyevuliwa cheo. Hapo toa ruhusa kwa anwani moja moja, kamwe usitoe kwa 192.168.10.0/24 nzima, na mtandao huo uwe umetengwa na ule wa wageni, kwa sababu anwani ya IP nayo inaigizwa kirahisi. Kundi jingine linalokuja na ombi hili ni watu wa kontena, yaani programu zilizofungwa pamoja na mahitaji yake. Postgres, hifadhidata, ndani ya kontena la Docker ikianza kama root inajaribu chown ya saraka yake ya data, inakataliwa, inakufa. Kabla ya kufungua geti, jaribu kuiendesha tangu mwanzo kwa namba ya kawaida kupitia --user, na saraka uiandae kwenye seva ikiwa tayari ya namba hiyo. Mara nyingi tatizo linaishia hapo.

Neno fupi kwa watakaosoma haya wakiwa na mifumo mingine. FreeBSD nayo humvua root cheo usipoiambia kitu, ila maneno yake ni -maproot na -mapall. Amazon EFS, huduma ya NFS ya kukodi, ni kinyume: ukiifungua tu, inafanya kazi kama seva yenye no_root_squash, na kumbana root ni jukumu lako. Samba, njia nyingine ya kugawa mafaili, ina mantiki tofauti, kwa kuwa seva inadai jina na nenosiri wakati wa kuunganisha, hivyo uroot wa kompyuta mteja haina habari nao.

Usichanganye haya na ule ugonjwa mwingine wa NFSv4 unaoonyesha nobody kila mahali. Toleo la nne linaweza kutuma majina ya wamiliki kwa mtindo wa asha@kikoa, na kikoa kikitofautiana kati ya seva na mteja, ls kwenye mteja inaonyesha nobody kwa mafaili ambayo kwenye seva yana wamiliki wao halali. Kuyatofautisha mawili haya ni rahisi: nenda kwenye seva, andika ls -ln. Ukikuta 65534, root alivuliwa cheo wakati wa kuandika. Ukikuta 1001, mafaili ni mazima, kinachohitaji kusahihishwa ni Domain ndani ya /etc/idmapd.conf kwa pande zote mbili, kisha sudo nfsidmap -c kwenye mteja.

Na kama unachotaka ni seva kumjua mtumiaji kikweli, njia ni Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji kwa tiketi: sec=krb5 kwa utambulisho, krb5i kwa kuhakikisha ujumbe haukuchezewa njiani, krb5p kwa kuusimba pia. Root asiye na tiketi ya Asha hawezi tena kusema tu "mimi ni 1001". Inataka kazi: seva ya tiketi, saa za mashine zote zilingane, faili la funguo kwenye kila kompyuta. Na haimalizi yote, kwa sababu Asha akiingia kwenye kompyuta ambayo root wake ni mtu mbaya, tiketi yake iliyo kwenye /tmp inaweza kuchukuliwa na root huyo. Kwa maabara ya wanafunzi ningeisumbukia. Kwa mashine zako mbili, hapana.

Imebaki kusafisha, kwa kuwa hujui nani mwingine aliunganika wakati mstari ule ulipokuwa wazi. Kwenye seva, endesha hizi tatu:

sudo find /srv/data -xdev -type f \( -perm -4000 -o -perm -2000 \) -ls
sudo find /srv/data -xdev \( -type b -o -type c \) -ls
sudo find /srv/data -xdev -uid 65534 -ls

Mbili za kwanza zinatakiwa zirudi tupu. Zikirudi na kitu ambacho hukukiweka mwenyewe, hesabu kwamba seva imeingiliwa, na usijaribu kuitibu kwa kufuta faili hilo peke yake, iweke upya. Ya tatu itakuletea zile nakala zilizoharibika wamiliki. NFS haikuhifadhi popote mmiliki wa awali, kwa hiyo usipoteze muda kukisia nani ni nani. Mafaili halisi bado yapo kwenye 192.168.10.21. Tengeneza tar ya kwanza, isome kwa tar -tvzf uone majina ya wamiliki yamekaa sawa, rudisha faili moja mahali pa majaribio, halafu ndipo ufute zile za nobody.